Robo Saa ya Abdulhadi

Ukipita Biashara Street asubuhi, kabla jua halijawa kali, utamkuta Abdulhadi amesimama mlangoni mwa duka lake la kanga na kofia yake ya vito, ile ya kudarizi, kichwani. Kuuza kanga anajua, hilo halina ubishi. Huishika pande mbili akaikung'uta mara moja tu, ikafunguka hewani, mteja akaisoma jina lake lote, yale maneno ya upindoni, kabla haijatua juu ya meza. Kisha akaikunja tena bila ya kuitazama, huku anazungumza na mtu wa ng'ambo ya barabara. Nimeingia maduka mengi maishani, maana miguu yangu haitulii, na sijaona wa kumshinda kwa hilo.

Tabu ya Abdulhadi ni kuwa kazi anayoiona ngumu ni yake peke yake. Za wenziwe zote, kwake yeye, ni rahisi. Nahodha wa feri ya Likoni? "Si kwenda na kurudi tu, hata kona hamna." Fundi wa meno? "Kuvuta." Mwalimu wa hesabu? "Majibu yako nyuma ya kitabu." Na haya huyasema mbele ya fundi mwenyewe, kwa upole, bila ya kumdharau mtu, kama daktari anayekupa habari njema kwamba huna ugonjwa.

Basi jioni moja, Jumatano, tumekaa barazani kahawa inapita, Abdulhadi akatoa simu yake akatuonyesha kijana mmoja wa nchi za mbali, amejifunga kitambaa kiunoni, kikaango mbele yake. Kijana akatia kamba wa baharini, akatia mboga, akakitikisa kikaango, akacheka, chakula kikawa mezani. Robo saa.

"Mwaona?" akasema Abdulhadi. "Robo saa! Mke wangu aingia jikoni baada ya alasiri, hatoki mpaka magharibi. Miaka yote namuuliza, wafanya nini humo? Asema yuwapika. Wapika chakula au waunda meli?"

Watu wakacheka. Khubaib, rafiki yake tangu chuoni walikosoma Kurani, ambaye ulimi wake hauna likizo, akamwambia, "Basi si upike wewe, tule mapema."

"Ningepika," akasema Abdulhadi, "ila namhurumia Saadia. Atajiona hana kazi."

Sasa baraza lile liko chini ya dirisha la Bi Nabiha, na dirisha la Bi Nabiha halijafungwa tangu mumewe alipofariki, Mungu amrehemu. Kutoka pale mpaka nyumbani kwa Abdulhadi ni kuvuka kichochoro tu. Lakini alipofika kwake, mkewe alikuwa ameshapata maneno yote, pamoja na namna mkono ulivyoinuliwa pale penye "meli".

Hapa yapasa niseme Saadia alikuwa akitaka nini, maana ni mwanamke mpole asiyetaka mengi. Alikuwa akitaka Alhamisi. Dadake, Amatullah, anakaa Tononoka, na kila Alhamisi jioni ndugu na mashoga hukusanyika kwake, wakanywa chai, wakasengenya kidogo, wakacheka sana. Na kila Alhamisi Saadia huinuka katikati ya kicheko akavaa buibui lake kuja kupika. Mara ngapi amemwomba mumewe jiko lipumzike siku hiyo moja! Na Abdulhadi, kwa ule upole wake, humjibu, "Upumzike na nini?"

Jioni ile ya Jumatano Saadia hakununa. Alimwekea maji ya kunawa, akamwacha akakaa vizuri.

"Mume wangu, kesho ni Alhamisi."

"Naam."

"Nitakwenda kwa Amatullah. Nitarudi baada ya magharibi, nimekuja na njaa yangu kamili. Nikikuta hicho chakula chako cha robo saa, nikala nikashiba, basi Alhamisi sikutajii tena mpaka nazikwa. Nikikosa kushiba, kila Alhamisi jiko ni lako, na uende barazani ukaseme kwa mdomo ule ule kwamba kupika ni kazi."

"Niseme kwa sauti?"

"Kwa sauti ile ile ya meli."

Abdulhadi akakubali, tena kwa huruma, kama mtu anayecheza karata na mtoto. Akamuuliza kama ana neno la kumwachia, labda chumvi iko wapi.

"Chumvi iko pale pale," akasema Saadia, akaenda kulala.

Kesho yake Abdulhadi akafunga duka mapema, akaenda sokoni. Muuza samaki, Kazungu, akashangaa kumwona yeye badala ya mkewe.

"Ami Abdulhadi! Mama mgonjwa?"

"Mzima kabisa. Leo napika mimi."

Kazungu akaweka kisu chini. "Pole, ami."

"Pole ya nini?"

"Aa, hakuna. Nikupimie kama anavyochukua mama?" Akachota kamba, akachota tena, akarundika kilima.

"Basi, basi! Chote hicho cha nani? Sisi watu wawili, Kazungu, watoto wote wameoa na kuolewa."

"Mama huchukua hivi hivi kila akija."

"Basi mama yuwaonewa," akasema Abdulhadi, akapunguza kile kilima kwa mkono wake mwenyewe mpaka kikabaki kichuguu. Kazungu akamuuliza kama amwambulie maganda. "Kazi ndogo hiyo," akasema, akashika njia, akanunua karoti, pilipili mboga, kitunguu thomu, ndimu na kishungi cha dania, akarudi nyumbani amejaa raha. Siku moja tu ya kupika, na ameshagundua mahali nyumba inapovuja! Akawa anatafuta namna ya kumwambia mkewe taratibu, asimtie haya.

Saadia alikuwa ameshaondoka. Abdulhadi akaitegemeza simu kwenye mtungi wa maji akamsikiliza yule kijana wake. Kijana akasema, kwanza kabisa, meza iwe safi, isiwe na kitu. Mezani palikuwa na sahani tatu zilizopangwa, wala hazikuwa za nyumba ile. Akazipindua. Chini zimetiwa alama kwa rangi ya kucha, kama wanavyofanya wanawake wetu ili vyombo visipotee katika harusi: moja ya Bi Nabiha, moja ya mke wa Khubaib, na ya tatu, ya bati yenye mzingo wa buluu, ya Mutunga, mpangaji wao wa chumba cha chini, mtu wa Machakos anayefanya kazi gatini Mbaraki.

Abdulhadi ni mtu wa duka, mali ya mtu hailali kwake. Akaziosha zote tatu, akazifuta kwa kitambaa mpaka zikameta, akatoka kuzirudisha.

Hapa kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Imekuja na chakula, itarudi na chakula, na kama hakuna basi hata ndizi mbili, hata kipande cha mkate. Sahani tupu ni maneno, na maneno yake kila mwanamke wa mtaa anayajua: tumemalizana. Wanaume nasi twayajua, tukiulizwa. Lakini ni nani aliyewahi kutuuliza?

Bi Nabiha alifungua mlango, akapokea sahani, akaitazama ndani, akaigeuza akaitazama chini, kisha akamtazama Abdulhadi.

"Ni yako hiyo, Bi Nabiha."

"Naiona."

"Nimeiosha."

"Hilo nalo naliona."

Mke wa Khubaib aliipokea yake kwa ncha za vidole, akafunga mlango. Mutunga hakuwa amerudi kutoka kazini, kwa hiyo Abdulhadi akaiweka ile ya bati kizingitini pake, akaipindua kifudifudi isije ikaingia vumbi. Akapanda ngazi anafurahi. Kwa nusu ya alasiri moja alikuwa amevunja ujirani wa nyumba tatu, na meza sasa ilikuwa safi.

Ndipo akaanza kuambua kamba. Yule kijana wa kwenye simu kamba wake walikuwa wameshaambuliwa, wamo katika bakuli ya kioo, wamekaa kama wageni waalikwa. Hawa wa Abdulhadi walikuwa na vichwa, na miguu, na masharubu, na ule uzi mweusi wa mgongoni. Alimshika wa kwanza, akamponyoka akaingia chini ya kabati. Wa pili alimchoma kidole. Kufikia wa tano alikuwa amevua kofia. Simu ilicheza robo saa nzima, ikaisha, kijana akala akalamba midomo, na Abdulhadi bado anaambua.

Khubaib akaja, ametumwa na baraza awe shahidi. Akatafuta pa kukaa, akaiona mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia, akainuka kwa kasi, akaikalia tena kwa upande.

"Saa imeanza?" akauliza.

"Bado."

"Bado vipi nawe umeroa mpaka viwikoni?"

"Hii si kupika, Khubaib. Hii ni kuambua."

"Na zile karoti?"

"Kukata. Kukata si kupika."

"Na kwenda sokoni?"

"Matembezi hayo, yakhe! Kupika ni pale mafuta yapatapo moto."

Khubaib akafikiri. "Kwa hesabu yako basi," akasema, "hata mimi kujenga nyumba najua. Ni kutia kufuli tu mlangoni."

Lakini akakubali, maana naye alikuwa na njaa. Abdulhadi akawasha gesi, mafuta yakapata moto, Khubaib akatazama saa yake. Na hapa lazima nimpe mtu haki yake: alipika. Alitia kitunguu thomu, harufu ikainuka. Akatia kamba, wakajikunja, wakageuka rangi mbele ya macho yake, akawatoa upesi kabla hawajawa wagumu kama mpira. Akatia karoti na pilipili mboga, akakitikisa kikaango kwa ule mkono wa kukung'utia kanga, mboga zikaruka zikarudi zote, hata moja haikuanguka. Akawarudisha kamba, akakamua ndimu, akanyunyiza dania, akazima moto. Khubaib akatazama saa.

"Robo saa haijatimia," akasema, kwa huzuni kidogo. "Abdulhadi, umeshinda."

Abdulhadi akavaa kofia yake. "Si niliwaambia?"

Mlango ukabishwa. Alikuwa Mutunga, bado na viatu vya gatini, sahani ya bati mkononi.

"Mzee, samahani. Mimi ni mtu wa kuelewa. Kama ni notisi, si ungeniambia tu?"

"Notisi gani, Mutunga?"

"Hii." Akaiinua sahani.

"Mbona nimeiosha!"

"Ndiyo hiyo, mzee. Mama huniletea chakula kila jioni, nami nikitoka nyumbani Machakos narudisha na mbaazi, narudisha na maembe. Leo nakuta sahani tupu mlangoni. Na imepinduliwa! Nikasema basi, hapa nimefukuzwa. Godoro nimeshalifunga kamba."

"Kila jioni hukuletea?"

"Wewe ukiwa msikitini, mzee."

Abdulhadi hajajibu, simu ya Khubaib ikalia. Alikuwa mkewe, na sauti yake waliisikia wote, maana Khubaib hasikii vizuri na sauti ya simu yake huiweka juu.

"Uko wapi wewe?"

"Kwa Abdulhadi."

"Toka humo! Yuwatutupia sahani nawe umekaa kwake? Sahani yangu imerudi tupu, Khubaib. Tupu! Tena imefutwa!"

"Kwani sisi pia hula chakula cha hapa?"

"Yale mabamia uliyoyasifu juzi, ukasema mkono wangu umezidi kuwa mtamu, wadhani alipika nani?"

Khubaib akaiweka simu mfukoni taratibu. Akakaa juu ya mbuzi, safari hii wima kabisa, wala hakusikia maumivu.

Na kabla hawajapumua, dirisha la ng'ambo likasema. Vichochoro vyetu ni vyembamba, mtu akikohoa kwake wamwombea afya ukiwa kwako.

"Abdulhadi, mwanangu!" Sauti ya Bi Nabiha ilikuwa ya kilio. "Nimekukosea nini? Kama ni ile habari ya barazani, nilimpelekea mkeo kwa wema tu! Nimewalea watoto wenu mimi, leo wanirudishia sahani nyeupe, haina kitu!"

Hapo Abdulhadi akakiona mbele yake kile kilima chote cha Kazungu, na mahali kilipokuwa kikienda. Akaziona na zile saa za jikoni, kutoka alasiri mpaka magharibi. Miaka yote ametoka msikitini akakuta sinia limefunikwa, akala, akashukuru, na wala hakujua kwamba kabla hajavua viatu chakula kilikuwa kimeshashuka ngazi na kuvuka kichochoro.

Akakitazama kikaango. Khubaib naye akakitazama.

"Ukigawa hakibaki kitu," akasema Khubaib kwa sauti ndogo, "na mkeo yuwaja na njaa. Ngoja kesho uwapelekee kitu. Kesho utakuwa umeshashinda."

Na kweli ingewezekana. Lakini Bi Nabiha alikuwa bado dirishani anajifuta macho kwa upindo wa leso, na Mutunga amesimama na sahani yake kama mtu aliyesimama mbele ya hakimu. Abdulhadi ana mdomo, roho mbaya hana. Akachukua upawa.

"Lete sahani, Mutunga. Kisha ukalifungue hilo godoro."

Alimpakulia. Akaona ni kidogo, na sahani haba nayo yaweza kuwa maneno, akaongeza. Akavuka kwa Bi Nabiha, akamjazia kwa mkono wake, akamwomba radhi, akapigwa kofi la mahaba begani. Akampa Khubaib ya kwake ampelekee mkewe, na Khubaib alikwenda akiibeba kwa mikono miwili, hatua kwa hatua, kama mtu aliyebeba mtoto wa watu. Njiani alionja kamba mmoja. Alisema shahidi lazima aonje.

Saadia aliporudi, Bi Nabiha alikuwa ameshamsimamisha kichochoroni kumsifia chakula, na Mutunga chini amemshukuru kwa mdomo uliojaa. Akapanda ngazi. Mumewe amekaa jikoni, ndevu zinanuka kitunguu thomu, kikaango mbele yake, na ndani ya kikaango vipande vinne vya karoti na ganda la ndimu.

"Masalkheri, bwana. Tule?"

"Kuiva kuliiva, Saadia. Kwa robo saa. Muulize Khubaib."

"Sina ubishi. Nimesikia ni kitamu." Akavua buibui. "Kazungu alikupimia kiasi gani?"

"Cha watu wawili."

"Nyumba hii haijapata kuwa na watu wawili, hata siku moja." Akachukua kipande cha karoti akakila, akakitafuna vizuri. "Chumvi imekaa sawa. Sasa niambie, nimeshiba?"

Abdulhadi akatazama chini. "Hujashiba."

"Basi."

"Lakini si ungeniambia habari ya sahani!"

"Ulisema ni kazi ya robo saa," akasema Saadia. "Niliogopa kukupotezea wakati."

Akabandika maji ya chai. Wakala mkate, wakautowelea kwa zile karoti zilizobaki, na Saadia alicheka peke yake mara mbili tatu hata chai ikamwingia puani.

Ijumaa, baada ya alasiri, baraza lilijaa kuliko kawaida. Hata watu wa mtaa wa pili walikuja, mtu akasema anapita tu, akakaa. Abdulhadi akasimama. Akarekebisha kofia.

"Jamaa zangu," akasema, "mimi ninavyoona, kupika kwenyewe, yaani ule moto, ukiutazama peke yake, mbali na mambo mengine yaliyouzunguka..."

"Sauti, mwanangu!" likasema dirisha la juu. "Huku hatusikii."

Tukatazama juu. Bi Nabiha hakuwa peke yake. Nyuma ya yale mapazia mlikuwa na minong'ono ya wanawake wengi mno kwa chumba kimoja, na mmoja, nadhani alikuwa Saadia, alikuwa akiwanyamazisha wenziwe.

"Nasema, kuna wakati ambao..."

"Ile sauti ya meli!"

Abdulhadi akavuta pumzi. "Kupika ni kazi!" akapaza. "Ni kazi tangu sokoni! Na Alhamisi napika mimi!"

Juu vikapigwa vigelegele mpaka njiwa wakaruka. Chini sisi tukatazama vikombe vyetu. Khubaib ndiye aliyecheka, akacheka akajipiga mapaja, "Abdulhadi! Mpishi! Alhamisi tuje na vijiko?" mpaka sauti moja ikatoka pale pale nyuma ya pazia, tulivu, tukaijua sote kuwa ya mkewe.

"Khubaib. Na wewe wachagua siku gani?"

Khubaib akainama kutafuta viatu vyake, akavitafuta sana, na vyote viwili alikuwa amevivaa.